Vipande Arobaini vya Shamba

Bweni la Wasichana, Chumba Na. 14
Chuo Kikuu
9 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama ameniambia umeacha fimbo, nikafurahi mno. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii, ndiyo maana mwandiko umekwenda upande.

Uliniuliza mtu akisoma uchumi wa kilimo huishia wapi. Wenzangu wanataka benki, wengine bima ya mazao au kampuni za mbegu. Mimi nilipelekwa mafunzo ya kazi kwenye ofisi ya ghala la akiba, kukadiria mavuno. Unapima kipande cha shamba, unavuna, unakausha, unapima uzito, kisha unapiga hesabu ya eneo zima. Kwa makadirio hayo wakubwa huamua mahindi ya akiba yauzwe nje au yabaki.

Shangazi, viwavi wameyala mashamba. Nimepima vipande arobaini, sikupata hata nusu ya mavuno ya mwaka jana. Mkuu wa kitengo, ambaye ndiye anayejaza fomu yangu ya maksi, aliniita akafunga mlango.

"Binti, mnunuzi ameshapatikana. Andika mavuno yanatosha."

"Lakini nimepima mwenyewe, mzee."

"Umepima, sawa. Na kuhitimu unataka?"

Nilitoka, nikajifungia chooni. Nikamwaza Baba akisikia nimefeli mwaka wa mwisho. Nikamkumbuka pia mama mmoja mkulima aliyenishikia kamba ya kupimia; aliniuliza kama ghala litakuwa na kitu mwezi wa kumi, nami nikajifanya ninaandika namba.

Niliandika nilichokipima, nikampelekea mkurugenzi wa ghala mkononi. Aliisoma ripoti yote mbele yangu. Aliuliza jambo moja tu, nani amepima. Nikasema ni mimi.

Alituma watu wake wakapime upya. Jana wamerudi: hali ni mbaya kuliko nilivyoandika. Mauzo yamesimamishwa. Mkuu wa kitengo hanisemeshi, na fomu yangu iko mezani kwake, tupu. Mlango ukigongwa nashtuka.

Jumatatu mkurugenzi ananituma wilaya ya pili, nikapime peke yangu. Niliitikia palepale. Hofu imekuja baadaye, nikiwa nafunga mkoba, na bado ninaufunga.

Nisalimie Bibi, Mama Mdogo na wale mapacha. Mungu akupe afya, nami aniongoze huko niendako.

Wako akupendaye hata akiwa anatetemeka,
Chiriku