Shemeji Yako na Ploti ya Takaungu

Wambui dadangu,

Pokea salamu zangu, lakini ujue zimeandikwa kwa hasira. Ni wewe uliyetukataza Malindi, eti disko na watalii watamharibu shemeji yako. Ukasema tutafute kijiji kimya, mume na mke waongee. Haya, tuko Takaungu. Kimya kipo, na samaki wa kupaka wa Bi Zuhura, mwenye nyumba tunayolala, ungelamba sahani.

Lakini shemeji yako haongei na mimi! Tangu tufike anauliza kila mtu nani anauza ploti. Leo asubuhi aliacha chai ikipoa, akaenda kwenye uwanja mmoja mzuri unaotazama bahari, akaanza kuupima kwa hatua. "Hapa zinaingia nyumba kumi na mbili za kupangisha, kama zetu za Uthiru," akaniambia. Za kupangisha, Wambui! Na mimi nimekuja huku kupumzika kutokana na kelele za wapangaji!

Bi Zuhura akamfuata polepole, akamwambia kwa adabu, "Baba, hapo twazika wazee wetu."

Nilitaka ardhi inimeze. Shemeji yako akavua kofia, akaomba msamaha, kisha akauliza, "Na hapa kando?"

Nisalimie mama, uwakumbatie watoto, na Mungu awalinde nyote. Mimi kesho naenda Malindi peke yangu, huko huko kwenye disko, nikatafute kimya.

Dadako akupendaye hata akikasirika,
Nyambura