Taa Katika Chumba cha Darlène

Jumatatu, 3 Februari 2025
Modeste ameanguka bafuni asubuhi. Hakuumia, ila hakuweza kuinuka mpaka nilipomshika kwapani. Saratani imeingia mifupani, mgongo haumtii tena. Nilipomrudisha kitandani akaniomba jambo ambalo nimelikwepa tangu vuli: nimtunzie mmea wake wa bangi. Mmoja tu. Uko chumbani kwa binti yetu Darlène, aliyehamia mji wa Liège. Modeste anasema polisi wa nchi hii hawahangaiki na mmoja. Mimi, mwimbaji wa kwaya! Mlango ule sijawahi kuufungua tangu mmea uingie humo. Lakini vidonge vya hospitali vinamlaza kutwa na chakula hakikai tumboni. Mavuno ya mwaka jana yalimrudishia hamu — alikula ugali na samaki, akaomba tena. Hilo nililiona kwa macho yangu.
Nimekubali.

Jumanne, 4 Februari
Somo la taa. Yeye kitandani, mimi nakimbia huku na huku na rula. Mmea unafika kiunoni mwangu, umeanza kutoa maua. Taa inaning'inia kwa kamba mbili, ina kitufe cha kuzungusha: sifuri mpaka mia.
“Weka soixante pour cent, Maman Darlène. Kutoka taa mpaka ju ya muti, centimètres quarante. Ikikosa mwangaza, inarefuka bure, inakonda. Ikipata mingi, majani inaungua.” Nikaandika: sitini kwa mia, sentimita arobaini juu ya mmea.
Miaka kumi na tisa ya ndoa, bado anacheka nikimjibu kwa Kiswahili changu cha Kigoma. Leo alicheka kidogo. Halafu akakohoa sana.
Maua yatakuwa tayari baada ya wiki sita, anasema.

Alhamisi, 6 Februari
Hospitali ya Jette. Modeste alibaki kwenye kiti cha magurudumu, daktari akaniita kando. Mama mpole, hakukwepa macho yangu. Wiki tatu. Labda nne.
Nikamwomba asimwambie leo. Akasema Modeste mwenyewe akiuliza, hatamdanganya.
Kwenye tramu Modeste aliuliza walichozungumza. Nikasema: vipimo vya damu.
Tulipofika nyumbani niliingia chumbani kwa Darlène na kuufunga mlango. Maua, wiki sita. Yeye, tatu. Nilizungusha kitufe mpaka mwisho. Mia. Chumba kikawa cheupe, nikafumba macho. Mwanga mwingi, si utakua haraka? Mahindi hukimbilia jua!

Jumapili, 9 Februari
Misa. Sikuimba. Nilisimama na wenzangu wa kwaya, midomo imeshikamana.

Jumatano, 12 Februari
Ncha za majani ya juu zimekuwa nyeupe. Mengine yamejikunja kama vijiko. Nikadhani ni kiu, nikamwagilia. Wapi!
Mchana Modeste akaomba picha. Nikapiga ya majani ya chini. Akataka ya juu. Sikuwa na ujanja.
Aliishika simu muda mrefu, karibu na pua.
“Umeweka ngapi?”
“Sitini.”
“Felisia.”
Haniiti kwa jina langu. Nikasema: mia.
Hakukasirika. Afadhali angekasirika.
“Taa ya nguvu haiharakishe maua. Inachoma tu.” Akanirudishia simu. “Sasa njo unaharakisha nini?”
Nikashika shuka, nikaanza kulikunja, shuka ambalo yeye mwenyewe amelilalia.
“Bon. Docteur alisema semaine ngapi?”
Nilisema wiki tatu. Labda nne. Nilisema nikitazama ukuta.
Nje watu walikuwa wanatoa mapipa ya taka. Kisha akaniambia nirudishe taa sitini, niinue kamba kidogo, na majani yaliyoungua niyaache, nisiyakate. Nikauliza: ya nini sasa, wiki sita? Akasema muti haina kosa.
Nimeirudisha sitini. Nimempigia Darlène, yuko kwenye treni, saa kumi na moja atafika.
Modeste anataka kwenda kuuona mwenyewe. Kwa miguu. Kiti cha magurudumu amekisukuma pembeni. Nasubiri hapa mlangoni na daftari hili kwa sababu hataki nimsaidie — anavaa soksi. Moja imeingia. Ya pili ameiangusha. Ameinama. Bado ameinama, mkono unaitafuta soksi.