Nilimwita Kasoro Yangu

Shangazi, shikamoo, naomba unisaidie maana sina mwingine wa kumweleza, kazini nikifunga mlango wa chumba cha giza nabaki na hadubini yangu tu, na nyumbani siku hizi ni kama naishi na mpangaji mwenzangu. Mimi ni mtafiti wa fizikia, nachunguza kile kimiminika kinachotiwa ndani ya vioo vya saa na simu, chembe zake ni kama vijiti na hupenda kulala zikielekea upande mmoja, ila kuna mahali vijiti vinashindwa kuelewana, vinabaki kukizunguka kidoa kimoja, na kidoa hicho ndicho tunachokiita kasoro. Sasa Shangazi, kasoro hiyo ndiyo maisha yangu, maana unaweza kutikisa, kupasha moto kidogo, kulainisha vijiti vya jirani utakavyo, itasogea tu lakini haifutiki, mpaka ikutane na kasoro ya kinyume chake, inayozunguka kwa upande mwingine, hapo zote mbili zinapotea, na kuna hisabati nzima ya jambo hilo, hisabati ya maumbo yanayovutwa na kukunjwa bila kukatwa, na mimi kitu kisichofutika nakipenda sana.

Mume wangu ni kinyozi. Ndugu zake wote wana vyeo na magari, na walimcheka tangu zamani kwa kuacha shule. Jumapili moja tulikuwa kwa mama mkwe tunakula, shemeji mkubwa akanitania, "Haya shemeji, wewe msomi, huyu ulimpendea nini?" nami kwa furaha, tena kwa sauti, nikajibu, "Huyu ndiye kasoro yangu! Nimejaribu kila njia, haifutiki!" Kweli tena Shangazi, nilidhani nimemsifu. Mashemeji wakaangua kicheko, mama mkwe akaweka kijiko chini, na mume wangu akaendelea kutafuna huku akitazama sahani.

Tangu hapo analala sebuleni. Hagombi, natamani hata angegomba. Yeye ndiye aliyekuwa akinikata nywele tangu tulipokuwa wachumba, basi nikaenda dukani kwake, benchi tupu kabisa, akaniambia bila kugeuka, "Leo nina wateja wengi." Nikarudi zangu nikilia njiani. Nimemweleza maana ya kasoro, nimemchorea hata michoro, akasema, "Nimeelewa, mwalimu." Sasa anasema mwisho wa mwezi atahamia kwa dada yake akapumzike. Nampenda, Shangazi, na upweke huu utaniua. Nifanye nini?

Mpenda Kasoro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Vijiti vyako nimevielewa kuliko unavyodhani. Nisichoelewa ni jinsi mtu mwenye akili zote hizo alivyoweza kutamka neno lile mbele ya watu wale wale wanaomcheka mumewe. Uliwapa fimbo ya kumchapia, tena kwa tabasamu. Halafu ukamchorea michoro! Mtu ameaibika mbele ya mama yake, wewe unamfundisha somo. Alipokuita mwalimu ungenyamaza hapo hapo.

Umesema mwenyewe kwamba ukilainisha pembeni, kitu kinasogea tu. Ndicho ulichofanya. Umelainisha chumbani, kikahamia sebuleni, na sasa kinaelekea kwa wifi yako. Neno lilisemwa mezani kwa mama mkwe, basi la kinyume chake likasemwe meza ile ile, masikio yale yale yakisikia, kabla ya mwisho wa mwezi. Muombe mumeo radhi mbele yao. Kisha useme ulimpendea nini, kwa maneno ya watu wa kawaida, na hiyo kasoro yako uiache maabara. Shemeji mkubwa akicheka, mwache acheke peke yake.

Lakini kwanza nenda dukani. Akikwambia ana wateja wengi, mjibu kwamba utasubiri zamu yako, ukae kweli kwenye hilo benchi tupu, bila karatasi wala kalamu. Siku atakayokukalisha kitini, muulize: pale utosini, nywele zinapozunguka na kukataa kulazwa upande mmoja, yeye huwa anafanyaje? Ndiyo, mwanangu. Kila kichwa anachokishika kina kidoa chako kile kile kinachozungukwa, nawe unalia upweke na hadubini. Umemweleza kazi yako mpaka amechoka, lakini katika barua nzima sijaona mahali ulipomuuliza yake. Muulize, halafu ufunge mdomo usikilize.

Huenda akakufukuza tena. Rudi kesho yake. Na nywele zako asiziguse mtu mwingine. Ziache zikue ovyo, azione kila asubuhi anapoamka kwenye kochi lake. Yule ni kinyozi, na ni wako. Mkono utamwasha kabla mdomo haujafunguka.