Mfuko Mmoja wa Unga wa Zege

Baba,

Doa la maji kwenye ukuta wa tangi la zahanati nililiona mimi kwanza, juzi, dogo kama kiganja. Nikanyamaza.

Uji wa mama uko kwenye chupa. Dawa yake ni saa nne, usisahau.

Leo asubuhi umemfukuza kaka mbele ya mafundi wote. "Mwizi wewe! Ufunguo wa stoo unao wewe, umeuza unga wa kuzuia maji, sasa zege langu linavuja kama pakacha!" Akaapa, hukumsikiliza. Ameondoka peku. Nimechukua viatu vyake, naenda kumtafuta. ~~Nitarudi mchana.~~ Sirudi bila yeye.

Siku ya kumwaga zege, kazi ya kutia unga ulinipa mimi, mfuko mmoja kila mchanganyo. Mafundi wakaniona nimetapakaa unga mweupe, wakanitania, "Bibi harusi, mkate utaumuka lini?" Nikaona haya, nikajitenga pembeni. Niliporudi, mchanganyo wa mwisho ulikuwa umeshamwagwa bila unga wake. Wewe husema zege halilali, nikaogopa kuwasimamisha.

Kaka hajauza kitu. Angalia chini ya kitanda changu. Mfuko uko pale, haujafunguliwa. Ni mimi, baba.

Binti yako