Kiapo cha Mama na Pointi za Benki

Dada yangu mpendwa,

Karani wa benki amenipigia simu leo asubuhi kusema kwamba pointi za kadi yetu ya mkopo zinatosha tiketi ya ndege, kwenda na kurudi, hadi huko uliko, na kwamba zitakufa mwisho wa mwezi. Nimetanguliza habari kwa mazoea ya kazi. Usiseme nimepoteza adabu. Shikamoo. Watoto hawajambo? Mgongo wa shemeji umetulia? Sisi wazima. Mama ana afya, ulimi ni ule ule, na jina lako bado halitaji.

Kilichonishangaza ni wingi wa pointi. Kadi ni yangu, ila nilimpa Mama ya ziada kwa ajili ya dawa na sokoni, na hesabu za benki huzishughulikia yeye. Dawa gani hizo za kumrusha mtu angani? Nikaanza kuulizia.

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini aliniambia, bila kuinua macho kwenye mshono, kwamba vitambaa vyake hununuliwa na Mama: yeye humpa taslimu, Mama hupitisha kadi dukani. Mwenye saluni naye akakiri kuwa hata mashine yake ya kukaushia nywele ilipita mkono huo huo. Jengo zima linamwita Mama Pointi. Fundi alinicheka kwamba mwandishi wa habari mzima, habari za kwetu nazipata mwisho.

Nikamfuata Mama jikoni. Alisema taslimu za watu huzipeleka benki siku hiyo hiyo, maana riba ikiingia, anayesafiri ni benki. Nikapendekeza pointi tuzibadilishe kwa blenda, au turudishiwe fedha. Akanitazama kama niliyemwaga mboga. Karani alishamweleza, akasema, kwamba pointi hizo zikigeuzwa fedha hazifiki hata nusu ya bei ya tiketi. Na blenda anayo mikononi.

Nikamuuliza tiketi ni ya nani, maana tangu ulipofunga ndoa huko bila kumngoja atoke hospitali, kauli yake ni moja: mwenye kosa ndiye mwenye nauli, yeye hatalipa hata senti kukufuata.

Alizima jiko kwanza. Kisha akasema kiapo chake kiko pale pale. Hajalipa nauli. Amelipiwa na benki.

Tumekata tiketi mchana huu. Kodi ya uwanja wa ndege haikulipika kwa pointi, nikailipa mimi kimyakimya, kiapo kisiingie doa. Amenikataza nisikwambie, anataka abishe hodi mwenyewe. Nimekaidi kwa sababu hajui mlango wako.

Wabusu watoto, waambie bibi yao anapenda chai isiyo na sukari. Ndege inatua Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi. Msubiri pale wanapotokea abiria, na nauli usiiulize.

Mdogo wako