Mama Ameziba Bomba

Jumapili, mwezi wa saba. Upepo unavuma tangu alfajiri, na baridi ni ile kavu yetu ya Singida inayopasua midomo. Sebuleni nimeandika nikiwa na koti. Chumbani kwa mama nimelivua.

Mama alivunjika nyonga kule kijijini Kinyangiri, na daktari anataka akae karibu na hospitali kwa mazoezi mpaka atembee bila magongo. Kwa hiyo yuko kwangu, Utemini. Lakini nyumba yangu ya tofali na bati haijampokea vizuri. Mchana inaoka, usiku inagandisha. Yeye amezoea tembe lake, nyumba ya kienyeji ambayo paa lake la udongo halijali jua wala upepo. Wiki iliyopita nilikuta begi lake limefungwa, liko chini ya kitanda. Akirudi sasa, hakuna wa kumfanyisha mazoezi. Mguu utakauka.

Nimewahi kusoma habari za mashine zinazovuta joto la ardhini na kupasha nyumba katika nchi za theluji. Hapa mjini sijampata wa kuzifunga, wala wa kuzitengeneza zikiharibika. Hamisi, fundi bomba wangu, alipendekeza kitu chepesi: tuzike bomba refu la plastiki uani, chini zaidi ya kimo cha mtu, na feni ndogo ya sola yenye betri ivute hewa ya nje, iipitishe humo hadi chumbani kwa mama, kwenye tundu la ukutani. Kule chini ardhi haibadiliki sana, iwe Julai au Oktoba. Hewa ya moto inapoa njiani, ya baridi inapata uvuguvugu.

Tulichimba, tukakuta mwamba, tukapinda, tukachimba tena. Majirani walikuja kuchungulia.

"Dada mwandishi, ukipata dhahabu usitusahau!"

Juzi tuliwasha. Jana asubuhi nilimkuta mama amejikunyata chini ya mablanketi mawili. Feni inaunguruma, lakini kwenye tundu la ukutani hakuna hewa. Nilidhani tumelivunja bomba wakati wa kufukia, nikampigia Hamisi. Nikiwa namsubiri, niliingiza mkono tunduni.

Nikatoa khanga.

Ilikuwa imeshindiliwa kwa ustadi. Huku kwetu tundu la ukutani huzibwa kabla ya upepo wa Julai, hata mtoto anajua. Nilikuwa nimemweleza mama habari za feni na sola. Sikumwambia tundu liachwe wazi.

"Sasa mwanangu," alisema, "mtu mwenye akili zake anatoboa ukuta mwezi wa saba?"

Nilimshika mkono, nikauweka pale. Akasema kitu kwa Kinyiramba, peke yake, kisha akanigeukia.

"Hii ni hewa ya tembe."

Hamisi akafika mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyezika tembe la watu uani?"

Mama alicheka mpaka akashika nyonga. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke.

Usiku wa kuamkia leo tundu lilibaki wazi. Sitatia chumvi: chumba hakikuwa na joto. Hakikuwa na baridi pia. Blanketi moja lilimtosha. Jua la Oktoba bado hatujalijaribu, na feni hiyo sijui itadumu kiasi gani na vumbi hili.

Leo baada ya chai mama alimpigia simu kaka yangu kule Kinyangiri. Nilijiandaa kusikia habari za gari la kumchukua. Badala yake alimwagiza amletee kuku wake, jogoo na yule tetea anayekaribia kutaga, na akasisitiza wasifungwe miguu kwa kamba ya kukaza.

Begi bado liko chini ya kitanda. Sikuligusa, wala sikuuliza.

Ila anayeondoka haagizi kuku.

Kesho nitatafuta mbao za banda. Litakaa nyuma ya jiko, mbali na pale bomba linapovutia hewa.