Ukuta wa Chumba cha Mama

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hujambo huko? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unakuuma ukishuka ngazi. Mimi mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama zahanati kutwa nzima.

Nakuandikia kuhusu nyumba. Nimehamishiwa zahanati ya mbali, mwezi wa nane nahama. Wewe nawe una miaka sita hujarudi. Nani atakaa humo? Naona tuiuze, kama unakubali. Dalali ameshaleta watu mara mbili. Wanasifu sebule, wanasifu uwanja, lakini wakifika chumba cha Mama wanageuka, wanatoka. Ukuta wa upande wa kitanda umeota madoa meusi na rangi inabanduka. Dalali kaniambia bila kupepesa macho, "Nesi, chumba hiki kinanuka ugonjwa." Nilitaka kumfukuza. Ila kweli kinanuka.

Wewe ndiye fundi. Nifanyeje?

Dada yako

19 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua imefika, nimefurahi kuona mwandiko wako. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Miguu yako uiinue juu ukirudi kazini, wewe unawaambia wagonjwa kila siku halafu mwenyewe hufanyi.

Nyumba uza, sina neno. Kuhusu ukuta, usipake rangi juu ya madoa. Mvua mbili tu yatarudi. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Nyuma ya ukuta ule ni bafu. Nahisi bomba linavuja ndani kwa ndani. Likishazibwa, kwangua rangi yote. Gonga plasta, na panapolia kama debe tupu, bomoa. Kisha fungua dirisha, uuache ukuta ukauke wiki tatu, usiuharakishe. Ndipo upige plasta mpya, msasa, halafu rangi mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Chagua nyeupe iliyofifia kidogo, si ile ya hospitali.

Kitanda kitoe kabla hujaanza, vumbi litakiharibu.

Mdogo wako

26 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi naendelea.

Bomba lilikuwa kama ulivyosema, limetoboka palepale. Limezibwa. Ukuta nimeukwangua mwenyewe kila jioni nikitoka kazini, kitambaa usoni, na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Na kitanda nimekitoa. Miguu yake imeacha mashimo manne sakafuni, miaka mitatu ya kubeba mtu asiyeinuka. Nilikaa katikati ya mashimo yale nikasoma barua yako tena. Ukuta umeuandikia barua nzima. Mama hukumwandikia hata mstari. Mwaka na miezi minne tangu tumzike, hujaniuliza alikufaje, alisema nini, nani alimwosha. Nilikupigia simu siku tatu kabla hajafa, ukaniambia, "Nakuja." Tukachelewesha maziko siku nzima. Kila gari likisimama barabarani, watu wananigeukia mimi. Mimi niwaambie nini?

Ukuta unakauka. Usiniandikie tena habari za rangi.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi.

Nilikuja. Nilishukia pale kwenye duka la mbao, ng'ambo ya barabara, saa nne asubuhi, nikaona viti vimepangwa uwanjani kwetu na watu wameinamisha vichwa. Nikajua. Uliponipigia simu, tajiri wangu wa kazini aliniambia nikiondoka kabla ghorofa halijakwisha nisirudi tena. Nikalimaliza. Siku mbili, dada. Siku mbili napaka kuta za watu nisiowajua, na mama yangu anakata roho. Ningeondoka siku ileile ningemkuta.

Nilisimama na begi langu. Mwenye duka, si yule wa zamani, akaniuliza, "Umepotea, kaka?" Nikamwambia ndiyo. Nikapanda gari la kurudi.

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Ukinichukia una haki.

Mdogo wako

14 Juni

Mdogo wangu,

Unakula? Unalala? Nijibu hayo kwanza.

Barua yako iliniuma, nikaitupa chini ya godoro. Siku ya nne nikaitoa. Sasa sikiliza, maana nami nina langu ambalo sijamwambia mtu.

Siku ya mwisho Mama alikuwa haoni tena. Alikuwa anauliza kila mara, "Amefika?" Nikashindwa. Nikamwita jirani, yule mwalimu mstaafu, nikamkalisha kando ya kitanda, amshike mkono. Nikasema, "Mama, huyu hapa." Mama akaupapasa mkono ule taratibu, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Karibu, mwanangu. Pole na safari." Mwalimu wa watu akatoka analia.

Nilipokuwa namfunika shuka, Mama akaninong'oneza. "Yule bwana mshukuru sana. Mkono wake laini. Wa mwanangu umekatwakatwa na saruji." Nikataka kuomba radhi, akanizuia. "Akija, mpe maji aoge kwanza. Usimgombeze mlangoni."

Nami nimekugombeza moyoni zaidi ya mwaka mzima.

Plasta imepigwa na rangi mikono miwili imekauka. Wa tatu sijaupiga. Mnunuzi anakuja tarehe ishirini na nane Julai. Njoo.

Dada yako

9 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nyumba uliyopanga huko ikoje? Maji yanatoka? Wagonjwa wapya wamekuzoea, au bado wanakuogopa? Mimi nilifika salama.

Tulikaa pamoja siku tano na bado kuna mambo niliyoshindwa kuyasema. Ule mkono wa tatu niliupiga peke yangu, ukiwa kazini. Nilipofika pale kilipokuwa kichwa cha kitanda, nikaweka brashi chini. Nikakaa sakafuni nikamsemesha Mama. Nilimweleza yote, hata la ghorofa. Nilipoinuka, rangi ilikuwa imeshaanza kukauka, haikuungana vizuri. Pana mstari pale. Ni kazi mbaya, na nimeiacha hivyohivyo. Mnunuzi hakuuona, aliona mwanga tu, akasema mkewe ataweka cherehani yake pale. Ulinitazama ukidhani nimechukia. Sikuchukia. Ni vizuri chumba kile kipate mtu wa kukaa wima.

La pili ni la makaburini. Ulinionyesha mahali ukasimama mbali, nikadhani unaniachia nafasi. Nilipogeuka, wewe ndiye uliyekuwa unalia. Kulia hasa, kama mtoto. Ndipo nikaelewa. Miaka mitatu umemgeuza, umemlisha, umemwosha, na siku ya maziko ulikuwa unatazama barabara kwa ajili yangu. Hukupata hata siku moja ya kumlilia mama yako. Na mimi, badala ya kuja kukushika, nikakupokea mkoba. Nikasimama na mkoba wa kike mkononi kama mlinzi.

Nimeomba ruhusa mwezi wa kumi na mbili, nimepewa. Usiniwekee kazi yoyote, wala ukuta, wala dirisha. Siji kutengeneza kitu, dada. Nakuja kukaa nawe.

Mdogo wako